Kadi mbili za michoro: Mshindi wa kasi alivyolemewa na hesabu ya umeme

MNUNUZI wa kadi ya michoro ya tarakilishi aghalabu huwa na maswali mawili tu: ina kasi gani, na inauzwa pesa ngapi? Swali la tatu, yaani itakula umeme kiasi gani, huja baadaye, pale tokeni za umeme zinapokatika kabla mwezi haujafika ukingoni.

Swali hilo la tatu lilizua mjadala mkali miongoni mwa wapenzi wa tarakilishi mnamo 2010. Kadi mbili zilikuwa zikishindania taji la michezo ya tarakilishi: Radeon HD 5870 ya kampuni ya AMD, iliyozinduliwa Septemba 2009, na GeForce GTX 480 ya Nvidia, iliyotangazwa Machi 26, 2010, takriban miezi sita baada ya mpinzani wake kuingia sokoni.

Kadi hizo zimezeeka na hakuna anayezinunua leo kwa ajili ya michezo mipya. Hata hivyo, ni vigumu kupata ulinganisho mwingine unaofundisha zaidi. Chipu zote mbili zilitengenezwa na kampuni moja, TSMC ya Taiwan, kwa teknolojia ile ile ya nanomita 40. Kwa hivyo, tofauti iliyojitokeza baina yazo ilitokana kwa kiasi kikubwa na maamuzi ya wahandisi.

Kazi ya kadi ya michoro ni hesabu. Kiwambo chenye upana wa nukta 1,920 na kimo cha nukta 1,200 kina nukta 2,304,000. Mchezo unapoonyesha picha 60 kwa kila sekunde, kadi hulazimika kuamua rangi ya nukta zaidi ya milioni 138 katika sekunde hiyo moja, na kila nukta huhitaji hesabu nyingi za mwanga, kivuli na umbali.

Ili kuimudu kazi hiyo, chipu ya kadi huwa na mamia au maelfu ya vikokotoo vidogo vinavyofanya kazi kwa pamoja. Vikokotoo hivyo vimeundwa kwa transista, ambazo ni mithili ya milango midogo mno inayofunguka na kufungika mamilioni ya mara kwa sekunde. Kila mlango unapofunguka au kufungika hutumia chembe ya umeme, na umeme huo wote hatimaye hugeuka kuwa joto.

Kuna mambo mawili hapa ambayo wauzaji hawayataji. Kwanza, umeme unaotumika hupanda kwa mraba wa volti, hivi kwamba nyongeza ndogo ya volti ili kuipa chipu kasi huleta ongezeko kubwa la matumizi. Pili, hata mlango uliofungwa huvuja kidogo, na kadiri chipu inavyopata joto ndivyo uvujaji unavyozidi. Chipu yenye joto kali hula umeme zaidi, na umeme huo huiongezea joto.

Chipu ya HD 5870 ilikuwa na transista bilioni 2.15 katika eneo la milimita 334 za mraba. Ilikuwa na vikokotoo 1,600 vilivyoendeshwa kwa megahazi 850, pamoja na kumbukumbu ya gigabaiti moja. Matumizi yake ya juu yalikadiriwa na AMD kuwa wati 188, na bei yake ya uzinduzi nchini Marekani ilikuwa dola 379.

Ile ya GTX 480 ilikuwa jitu. Ilikuwa na transista zipatazo bilioni tatu katika eneo la zaidi ya milimita 500 za mraba, vikokotoo 480 vilivyokwenda kwa megahazi 1,401, na kumbukumbu ya gigabaiti 1.5. Nvidia ilikadiria matumizi yake kuwa wati 250 na ikaiuza kwa dola 499.

Msomaji asihadaike na idadi ya vikokotoo. Vile vya AMD vilikuwa vidogo na vilipangwa katika makundi ya vitano vitano, na mara nyingi baadhi ya wanakikundi walikaa bure kwa kukosa kazi iliyowafaa. Vile vya Nvidia vilikuwa vichache lakini vyenye mwendo wa kasi na wepesi wa kupangiwa kazi yoyote. Kulinganisha 1,600 na 480 ni sawa na kulinganisha idadi ya vibarua wa mashamba mawili bila kuuliza nani ana jembe na nani ana trekta.

Mizani ya haki ni mchezo wenyewe. Katika vipimo vya wapimaji huru vya wakati huo, GTX 480 iliishinda HD 5870 kwa wastani wa kati ya asilimia 10 na 15. Ilitia fora hasa katika michezo iliyotumia kwa wingi mbinu ya kuligawa umbo katika pembetatu ndogo ndogo ili lionekane laini. Mbinu hiyo ilipata umaarufu pamoja na DirectX 11, programu iliyokuja na Windows 7 mnamo Oktoba 2009, na wahandisi wa Nvidia walikuwa wameiandalia chipu yao sehemu maalumu nyingi za kuitekeleza.

Basi taji la kasi lilikuwa la Nvidia. Ila mnunuzi aliongeza dola 120, takriban asilimia 32 ya bei ya HD 5870, ili apate nyongeza ya kasi isiyofikia hata nusu ya asilimia hiyo.

Kwenye umeme mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tukichukua makadirio ya kampuni zenyewe na kuipa GTX 480 hisani ya asilimia 15 kamili, kadi ya AMD bado ilifanya kazi nyingi zaidi kwa kila wati, kwa kiasi cha asilimia 15 hivi.

Na makadirio hayo yenyewe yaliipendelea Nvidia. Takwimu ya wati inayoandikwa kwenye maelezo ya kadi si kipimo cha umeme unaotumika. Ni kiasi cha joto ambacho mfumo wa kupoza unatarajiwa kukiondoa, na kila kampuni ina namna yake ya kukikisia. AMD ilikuwa imejiwekea nafasi ya kutosha, na katika michezo ya kawaida HD 5870 ilitumia umeme mchache kuliko wati zake 188. GTX 480 ilikaribia kikomo chake, na ilipojaribiwa kwa programu za kuitesa kadi, kama vile FurMark, ilipita wati 300.

Ndiyo maana wapimaji walipoweka mita kwenye soketi ya ukutani, pengo la mifumo hiyo miwili lilifika karibu wati 100, na mara nyingine likazidi. Pengo la wati 62 lililoandikwa kwenye maelezo lilikuwa limefichua sehemu tu ya ukweli.

Waya za kadi zenyewe zilikuwa zikitoa habari hii kwa yeyote aliyejua kuzisoma. Nafasi ya PCI Express kwenye ubao mkuu wa tarakilishi hutoa wati 75, waya wa pini sita hutoa wati 75 nyingine, na wa pini nane hutoa wati 150. HD 5870 ilichomekwa waya mbili za pini sita, jumla ya wati 225. GTX 480 ilidai wa pini sita na wa pini nane, jumla ya wati 300. Mtengenezaji hatoi tundu la pini nane kwa kadi isiyolihitaji.

Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa familia ya Kenya inayolipa shilingi 30 kwa kila uniti ya umeme, kodi na ada zote zikijumlishwa. Kijana wa nyumba hiyo akicheza saa nne kila siku, pengo la wati 100 ni uniti 12 kwa siku 30, yaani shilingi 360 kwa mwezi. Kwa mwaka wa miezi 12 ni shilingi 4,320, na kwa miaka mitatu ni shilingi 12,960. Hiyo ni bei ya tofauti peke yake.

Kwa mfanyabiashara, hesabu hiyo haina mzaha. Mwenye ukumbi wa michezo wenye tarakilishi 10 zinazofanya kazi saa 12 kwa siku angelipa uniti 12 za ziada kila siku, ambazo ni shilingi 10,800 kwa siku 30. Wateja wake wasingelipa hata senti zaidi kwa sababu ya kasi ile ya asilimia 15, ambayo wengi wao wasingeitambua kwa macho.

Isitoshe, joto halina pa kwenda isipokuwa chumbani. Mtu aliyeketi ametulia hutoa joto la takriban wati 100, hivyo kadi ya wati 250 ni sawa na kuwakaribisha wageni wawili na nusu ambao hawaondoki. Nairobi mwezi wa Julai mwenye nyumba huenda akashukuru. Mombasa mwezi wa Februari atalipa tena umeme wa feni au wa kiyoyozi ili kuliondoa joto alilolilipia tayari.

Nvidia iliruhusu chipu ya GTX 480 kufika nyuzijoto 105 za Selsiasi, na wapimaji wengi waliishuhudia ikipita 90 katika michezo ya kawaida. Feni yake ilivuma kwa kelele zilizowaudhi hata waliokuwa tayari kuisifu. Mizaha ya kukaanga mayai juu yake ilienea kote duniani.

Swali ni kwa nini kampuni yenye wahandisi hodari kiasi hicho ilitoa kadi ya namna hiyo. Jibu lina sehemu mbili, na ya pili ndiyo nzito.

Sehemu ya kwanza inahusu uzoefu wa kiwandani. Teknolojia ya nanomita 40 ya TSMC ilikuwa na matatizo mwanzoni, na chipu nyingi zilitoka na kasoro. AMD iliijaribu mapema 2009 kwa kadi ndogo iliyoitwa Radeon HD 4770, ikayatambua matatizo hayo na kuyatafutia dawa kabla ya kuunda chipu ya HD 5870. Sera yake wakati huo ilikuwa kutounda chipu kubwa mno. Aliyetaka kasi zaidi angeuziwa kadi yenye chipu mbili, kama HD 5970 ya Novemba 2009.

Nvidia ilishika njia ya kuunda chipu moja kubwa. Chipu ikiwa kubwa, uwezekano wa kukumbwa na kasoro mahali fulani huongezeka. Muundo wa GTX 480 ulikuwa na vikokotoo 512, lakini kadi iliyouzwa ilikuwa na 480, kwani kundi moja la vikokotoo 32 lilizimwa ili chipu za kutosha zipatikane. Kadi iliyochelewa miezi sita ilifika ikiwa pungufu, na bado ikawa na njaa.

Sehemu ya pili ni kwamba chipu hiyo, iliyopewa jina la Fermi kwa heshima ya mwanafizikia Enrico Fermi, haikuundwa kwa ajili ya wacheza michezo peke yao. Nvidia ilikuwa inawalenga pia wanasayansi. Iliipa chipu yake uwezo wa kugundua na kusahihisha makosa ya kumbukumbu, akiba za ndani za kuhifadhi data, na nguvu nyingi za kufanya hesabu za usahihi maradufu, zile zenye tarakimu nyingi baada ya nukta, ambazo hutumika kukisia hali ya hewa au mienendo ya molekuli.

Mcheza michezo hakuhitaji lolote kati ya hayo. La kuudhi zaidi ni kuwa hata angelihitaji asingelipata: katika kadi za GeForce, Nvidia ilizima usahihishaji wa makosa na kupunguza kasi ya hesabu za usahihi maradufu hadi robo ya uwezo wa chipu, ili wanasayansi walazimike kununua kadi za Tesla za bei ya juu. Mnunuzi wa GTX 480 alikuwa kama mtu aliyeuziwa lori, akafungiwa sehemu ya mizigo kwa kufuli, kisha akaachiwa gharama ya mafuta.

Mikononi mwa wale waliolihitaji lori hilo, hesabu iligeuka kabisa. Novemba 2010, tarakilishi kuu ya China, Tianhe-1A, iliyoko jijini Tianjin, ilitangazwa kuwa yenye kasi kubwa zaidi duniani. Ndani yake mlikuwa na kadi 7,168 za Tesla M2050, zenye chipu ya ukoo wa Fermi. Mtambo huo ulitumia takriban megawati nne. Nvidia ilisema kuwa kupata kasi hiyo kwa prosesa za kawaida pekee kungehitaji zaidi ya megawati 12.

Chipu ile ile iliyokuwa fedheha ya umeme sebuleni ilikuwa nafuu ya umeme katika maabara.

Mfano wa kinyume ulitokea upande wa AMD. Kati ya 2010 na 2013, kabla ya mitambo maalumu kuenea, watu walitumia kadi za michoro kuchimba sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, kazi ambayo ni kurudia hesabu moja rahisi bila kukoma. HD 5870 ilifanya takriban majaribio milioni 400 kwa sekunde. GTX 480, mshindi wa michezo, haikufika hata milioni 200, huku ikitumia umeme zaidi. Wale vibarua wadogo 1,600 waliokaa bure katika baadhi ya michezo walipata kazi iliyowatosha wote, na wachimbaji wa Bitcoin, ambao faida yao ni mapato ukitoa bili ya umeme, waliziwania kadi za AMD.

Nvidia haikukaa kitako. Novemba 2010 ilitoa GTX 580, yenye vikokotoo vyote 512, megahazi 772 badala ya 700 kwa sehemu kuu ya chipu, na makadirio ya wati 244. Iliipita GTX 480 kwa kasi ilhali ikipunguza joto na kelele. Kiwanda kilikuwa kile kile na nanomita zile zile 40; kilichobadilika ni jinsi transista zilivyochaguliwa na kupangwa, pamoja na kipoozaji bora.

Kisha mwaka 2012 wapinzani wakabadilishana viti. AMD iliingia mwaka huo na Radeon HD 7970, ambayo sasa ndiyo iliyosheheni nyenzo za hesabu za kisayansi, kwa makadirio ya wati 250. Machi mwaka huo Nvidia ilijibu kwa GTX 680, ambayo ilikuwa imevuliwa sehemu kubwa ya mizigo hiyo, kwa wati 195. Katika michezo GTX 680 iliipiku. Katika hesabu za usahihi maradufu HD 7970 iliiacha mbali sana. Waliokuwa wakiicheka Nvidia kwa umeme walianza kuitetea AMD kwa hoja zile zile walizozikataa miaka miwili nyuma. Ushabiki wa kadi hauna tofauti kubwa na ushabiki wa kandanda.

Mzigo ambao Nvidia iliubeba mapema haukupotea bure kwa kampuni hiyo. Mwaka 2012, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, walitumia kadi mbili za GTX 580 kufunza mfumo wa kutambua picha kwa siku tano hadi sita. Mfumo huo, ujulikanao kama AlexNet, ulishinda shindano la ImageNet kwa kiwango cha makosa cha asilimia 15.3, ilhali aliyefuata alikuwa na asilimia 26.2. Ushindi huo uliwasha moto wa teknolojia ya akili unde unaoendelea kuwaka hadi leo.

Kwa mnunuzi wa sasa, mizani haijabadilika bali takwimu zimekua. GeForce RTX 4060 ya 2023 ilikadiriwa kutumia wati 115. RTX 5090, iliyoanza kuuzwa Januari 2025, ilikadiriwa kutumia wati 575, zaidi ya maradufu ya GTX 480 iliyodhihakiwa, na Nvidia ilipendekeza ifungwe kwenye tarakilishi yenye pawa saplai ya wati 1,000.

Anayelinganisha kadi mbili dukani au kwa wauzaji wa mitumba ya tarakilishi atafaidika akianza na kazi yake mwenyewe: ni michezo ipi, au programu ipi ya kuhariri video, na kwenye kiwambo cha ukubwa gani. Kisha atafute vipimo vya kazi hiyo hiyo vilivyofanywa na mtu asiyeiuza kadi, aangalie wati zilizopimwa wala si zilizoandikwa, na azidishe kwa saa atakazoitumia. Asisahau matumizi ya kadi ikiwa imetulia, kwa kuwa tarakilishi nyingi huwashwa kutwa nzima zikifanya kazi ndogo ndogo. Kadi ya mtumba iliyotumika kwa miaka mingi huenda pia ikawa na feni zilizochoka na vumbi lililoziba njia za hewa, na joto, kama ilivyoelezwa, huongeza ulaji wa umeme.

Kuna jambo moja ambalo mnunuzi wa leo analo na wa 2010 hakuwa nalo. Kadi nyingi za sasa huja na programu inayomruhusu mwenye kadi kuteremsha kikomo cha umeme. Kwa kuwa megahazi za mwisho ndizo zinazodai volti nyingi zaidi, kadi kubwa iliyoteremshwa hadi asilimia 70 au 80 ya kikomo chake mara nyingi hupoteza sehemu ndogo tu ya kasi. Mwenye GTX 480 aliyetaka nafuu kama hiyo alilazimika kupunguza volti na megahazi mwenyewe, hatua baada ya hatua, na kuuwasha mchezo upya kila mara kuona kama utakwama.